Ukiambiwa "utafiti umethibitisha" dawa ya magoti: namna ya kuutafuta huo utafiti na kuusoma mwenyewe

Mwezi uliopita mama mdogo katupia picha kwenye grupu la familia, kopo jeupe lina picha ya goti linawaka wekundu kama taa ya breki, chini limeandikwa "ute wa magoti umeisha? utafiti wa Marekani umethibitisha, asilimia 79 ya wagonjwa walipata nafuu". Kopo moja elfu 85, dozi kamili makopo matatu. Afu kaandika "wanangu mnaonaje". Kwa wanaomjua mama mdogo, hapo keshaamua, anachosubiri ni mtu wa kutuma hela.

Na huyo mtu huwa ni mimi. Nikamfuata muuzaji inbox nikamuuliza huo utafiti ni wa nani, akanijibu "wa madaktari bingwa boss". Nikasema haya, ngoja nitafute mwenyewe. Mimi sio daktari, nina simu na bando la wiki tu, lakini ndani ya jioni mbili ile 79 niliipata ilikotoka. Ipo kweli, hawajaitunga, na hapo ndo palinifurahisha maana namba ya kweli inadanganya vizuri kuliko ya uongo. Sasa naandika nilivofanya ili na wewe ukitumiwa kopo lako ujue pa kuanzia.

Kwanza soma nyuma ya kopo, achana na picha ya mbele. Unachotafuta ni majina ya vitu vilivyomo. La mama mdogo lilikuwa na glucosamine na chondroitin, ndo vile vile viko kwenye makopo mengi ya magoti duniani, wanabadilisha stika tu. Glucosamine mara nyingi inatoka kwenye magamba ya kamba na kaa, chondroitin kwenye gegedu za wanyama (ule mfupa laini wa kwenye viungo), na wazo lenyewe ni kwamba gegedu ya goti ikisagika basi ule malighafi yake. Wazo zuri likisikika, ila wazo ni wazo. Kama kopo halina orodha ya vilivyomo, ishia hapo hapo, usipoteze MB.

Ukishapata majina fungua PubMed. Hilo ni kabati la tafiti la maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, kuingia bure, hakuna kujisajili, na kurasa zake nyepesi hata kwenye simu ya kawaida. Andika jina la dawa na neno la kiungo kwa Kiingereza, mfano glucosamine knee. Zitakuja mamia, usiogope. Kuna sehemu ya kuchuja, kwenye kompyuta iko kushoto, kwenye simu ni kitufe, chagua Randomized Controlled Trial. Maana yake unabakiza zile tafiti ambazo wagonjwa waligawanywa kwa kura, hawa wanakunywa dawa, hawa wanakunywa kitu kingine, na mgonjwa mwenyewe hakuchagua. Zile za panya na za seli kwenye sahani ya maabara zinaondoka, na hizo ndo wauzaji wanazipenda sana, dawa "imezuia uvimbe kwa asilimia 90" kumbe kwenye kisahani cha kioo.

Kama una jina la mtafiti ndo rahisi zaidi, unaandika jina la ukoo kwanza halafu herufi za majina mengine bila nukta, kwa mfano Clegg DO. Huyo ni Daniel Clegg, daktari bingwa wa viungo, wakati wa utafiti huo alikuwa Chuo Kikuu cha Utah, na kazi yake ndo ilikuwa imejificha nyuma ya kopo la mama mdogo. Ila angalizo, watu wanafanana majina, kwahiyo kabla hujasema "huyu jamaa kaandika makala 300" bonyeza uone anafanya kazi chuo gani na anaandika kuhusu nini, unaweza ukawa umechanganya bingwa wa magoti na mtaalamu wa samaki. Siku hizi watafiti wengi wana namba yao ya ORCID ya tarakimu 16, hiyo haifanani na ya mtu mwingine. Na ule mlolongo wa majina juu ya makala haujapangwa ovyo, kwenye mambo ya tiba wa kwanza kwa kawaida ndo aliyebeba kazi na wa mwisho mara nyingi ndo mkubwa wa timu.

Sasa tuingie kwenye utafiti wenyewe. Unaitwa GAIT, ulitoka Februari 2006 kwenye New England Journal of Medicine, watu 1583 wenye magoti yanayouma, vituo 16 Marekani, wiki 24. Muhtasari wake ni aya chache tu na unajitosha. Watu wengi wakiufungua wanakimbilia mstari wa mwisho, yani hitimisho. Mimi nakwambia anzia katikati, tafuta walilinganisha na nini. Hapa kulikuwa na makundi matano: glucosamine miligramu 1500 kwa siku, chondroitin 1200, zote mbili pamoja, celecoxib 200 ambayo ni dawa ya maumivu ya hospitali inayojulikana, na kundi la tano lilipewa kidonge kitupu kisicho na dawa yoyote, na mgonjwa hajui yuko kundi gani na anayemhudumia naye hajui.

Kabla ya kusoma asilimia, uliza "nafuu" wanamaanisha nini, maana hili neno linabeba vingi. Kwenye GAIT nafuu ni maumivu ya goti kupungua kwa asilimia 20 au zaidi kufikia wiki ya 24. Fikiria mizani ya 0 mpaka 100, mtu alikuwa na 50 kaja na 40, huyo kahesabiwa kapata nafuu. Hajapona, bado anashika ukuta akipanda ngazi, lakini kahesabiwa. Mama mdogo yeye alivyosoma "walipata nafuu" kichwani kwake alijiona anasujudu vizuri bila kiti.

Haya, matokeo. Waliokunywa glucosamine asilimia 64.0 walipata hiyo nafuu. Chondroitin 65.4. Mchanganyiko 66.6. Celecoxib 70.1. Ukiishia hapo unasema aah dawa zote nzuri. Sasa shuka kwenye kidonge kitupu: 60.1.

Rudia kuisoma. Watu sita kati ya kumi waliokunywa kidonge kisicho na kitu walipata nafuu ile ile kwa kipimo kile kile. Kwahiyo mchango wa glucosamine juu ya kidonge kitupu ni kama watu wanne katika mia, na kwa hesabu zao tofauti ndogo hivo inaweza kuja kwa bahati tu. Kwenye karatasi utaona herufi p na namba pembeni, ikiwa chini ya 0.05 ndo wanakubali kwamba hapa pengine kuna kitu. Mchanganyiko ulipata 0.09, haukufika. Celecoxib 0.008, ilifika, na hata yenyewe iliyozidi ni kumi katika mia.

Hapa nikae kidogo maana ndo moyo wa jambo lote. Kwanini kidonge kitupu kiwape nafuu watu wengi hivo? Sio kwamba walikuwa wanajifanya wanaumwa. Goti la kusagika lina misimu, wiki hii limekaza huwezi hata kuchuchumaa, wiki ijayo limelegea. Na mtu anaenda kujiandikisha kwenye utafiti, au kununua kopo, lini? Siku limemuuma kupita kiasi. Kutoka hapo, hata asipofanya chochote, uwezekano mkubwa ni kushuka. Ongeza kupigiwa simu, kupimwa, kuulizwa unaendeleaje. Ongeza matumaini. Na kwenye GAIT waliruhusiwa kunywa panado yakizidi. Vyote hivyo vinaingia kwenye 60. Ndo maana ushuhuda wa jirani "nilikunywa nikapona" mimi siupingi, namuamini kabisa kwamba alipata nafuu, ila hauniambii chochote kuhusu kopo.

Kama kidonge kitupu kinakushangaza, tafuta Moseley JB, mwaka 2002, jarida lile lile. Huyu wakati huo alikuwa daktari wa upasuaji wa mifupa, Houston, Texas, hospitali ya wanajeshi wastaafu. Enzi hizo watu wengi walikuwa wanatobolewa goti, linaoshwa kwa maji na kukwanguliwa ndani, wanarudi wanasema nimepona. Akachukua wagonjwa 180 akawagawa kwa kura, kundi moja linakwanguliwa, lingine linaoshwa tu, la tatu linachanwa vitundu vitatu vya sentimita moja kwenye ngozi halafu hakuna kinachoendelea, daktari anaitisha vifaa kama kawaida na maji yanamwagwa pale mezani mgonjwa asikie mlio wake. Wote walikuwa wamesaini mapema kwamba wanajua wanaweza kuangukia kwenye upasuaji wa kuigiza. Akawafuatilia miaka miwili. Hakuna wakati wowote ambao waliokwanguliwa au kuoshwa waliwazidi wale wa kuigiza, maumivu wala kutembea. Mimi niliposoma ile ya kumwaga maji nilisimama nikazunguka chumba.

Turudi kwenye 79, ilitoka wapi sasa wakati namba kubwa kabisa pale juu ni 70.1? Shuka chini kidogo kwenye matokeo ya GAIT. Waliwachambua wale 1583 kwa ukali wa maumivu, wenye maumivu madogo 1229 na wenye maumivu ya kati mpaka makali 354. Kwa hawa 354 peke yao, waliokunywa mchanganyiko asilimia 79.2 walipata nafuu dhidi ya 54.3 ya kidonge kitupu. Ndo hiyo! Muuzaji kachukua hiyo moja akaacha zingine zote, kama unavyopangiwa fungu la nyanya sokoni, zile nyekundu nzuri juu, za chini utazijua ukifika nyumbani.

Je hiyo 79.2 ni uongo? Hapana. Lakini 354 ukiigawa kwa makundi matano unabaki na watu kama 70 hivi kila kundi, na ukiwa na watu wachache namba zinaruka ruka. Ushahidi uko pale pale: celecoxib, ambayo kwa watu wote ilifanya kazi wazi, kwa hao wachache ilipata 69.4 na p ikawa 0.06, yani haikufika. Ukitaka kuamini kachumba kale kadogo inabidi uamini pia kwamba dawa ya hospitali imegoma humo ndani. Na timu ya Clegg haikuficha, waliandika wenyewe kwamba uchambuzi huo ni wa kuchunguza tu na mchanganyiko "huenda" unasaidia. Neno huenda lilidondoka njiani kabla ya kufika kwenye kopo. Kwahiyo kanuni yangu, ukiona namba nzuri kwenye tangazo, tafuta ni ya watu wote walioanza au ya kikundi kilichochomolewa.

Ukimaliza hapo usifunge ukurasa. Chini PubMed inakuonyesha makala zilizokuja baadaye na zikaitaja hii, sehemu inaitwa Cited by, hapo ndo utajua habari iliishaje. Timu ya GAIT iliendelea na baadhi ya wagonjwa, 2008 wakaangalia picha za eksirei za watu 572 kama nafasi ndani ya goti inaliwa polepole zaidi, 2010 wakaangalia maumivu ya watu 662 kwa miaka miwili, na kote hakuna dawa iliyojitenga kwa maana na kidonge kitupu. Halafu kuna utafiti wa Ulaya, MOVES, watu 606 wenye maumivu ya kati mpaka makali, uliosema mchanganyiko umefanya sawa na celecoxib. Muuzaji akiujua huo atafurahi sana. Ila pitia maswali yale yale: walilinganisha na nini? Hawakuweka kundi la kidonge kitupu kabisa. Nani kafadhili? Bioibérica, kampuni ya Hispania inayotengeneza hiyo bidhaa. Mwaka 2017 tena Hispania wakatoa mwingine wa watu 164, safari hii kidonge kitupu kimewekwa, maumivu yakapungua asilimia 19 kwa waliokunywa mchanganyiko na 33 kwa waliokunywa kitupu. Kitupu kikashinda! Na huo nao ulifadhiliwa na kampuni ya dawa, kwahiyo ufadhili peke yake sio hukumu, ni sababu ya kukodoa macho tu.

Haki itendeke, wanaotetea glucosamine wana hoja yao moja yenye uzito, kwamba GAIT walitumia glucosamine ya aina ya hydrochloride wakati tafiti kadhaa za Ulaya zilizotoa majibu mazuri zilitumia ya sulphate. Ndo faida ya kusoma nyuma ya kopo, uangalie una ipi.

Swali la nani kafadhili lipo mwishoni mwa makala, usilipite. Vioxx ilikuwa dawa ya viungo ya kampuni kubwa, utafiti wake wa mwaka 2000 ulikuwa na watu zaidi ya 8000, na 30 Septemba 2004 ikatolewa sokoni dunia nzima kwa sababu ya mshtuko wa moyo. Mwaka uliofuata wahariri wa jarida lililouchapisha wakatangaza kwamba kuna wagonjwa watatu wa mshtuko wa moyo hawakuingizwa kwenye makala. Pia angalia juu kama kuna tangazo la Retracted, hapo makala imefutwa. Scott Reuben, daktari wa usingizi wa Massachusetts, aliandika sana kuhusu dawa za maumivu baada ya upasuaji wa magoti na mgongo, 2009 ikajulikana makala 21 data katunga. Bado zipo kabatini, zimewekewa alama tu, usipoangalia unazimeza.

Kosa lingine nililokaribia kulifanya mwenyewe: kuchanganya magonjwa. Mtaani kwetu kila kiungo kikiuma ni baridi yabisi, basi, ila kwenye utafiti ni vitu tofauti. Goti la kusagika kwa umri na uzito wanaita osteoarthritis. Rheumatoid arthritis ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, vidole vya mikono yote miwili vinavimba, asubuhi huwezi kufunga kifungo cha shati. Jongo ni chumvi ya uriki kuganda kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, usiku wa manane hata shuka likigusa unapiga kelele. Ukisoma kazi za Feldmann na Maini wa London, waliovumbua kwamba kuziba kemikali inayoitwa TNF kunatuliza rheumatoid, ni kazi kubwa imebadilisha maisha ya watu, lakini haimhusu mama mdogo na goti lake. Kwahiyo kabla hujatafuta utafiti, muulize daktari ugonjwa wako unaitwaje kwa Kiingereza na akuandikie.

Angalia na muda. Septemba 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic alimchoma mwanamke wa miaka 29 mwenye rheumatoid dawa tuliyokuja kuiita cortisone, ndani ya siku chache alikuwa anatembea, na 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Nobel. Madhara yake, uso kuvimba, mifupa kudhoofika, sukari, yalionekana kadri watu walivyotumia kwa muda mrefu. Utafiti wa wiki sita hauwezi kukwambia ya miaka sita. Na hili lina sura yake ya sasa: 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya viungo vinavyoitwa Artri King, kwenye lebo ni virutubisho vya glucosamine na wenzake, walipopima wakakuta diclofenac na dexamethasone zimefichwa ndani. Dexamethasone ni ndugu wa cortisone. Kwahiyo kopo la "asili" likikutoa maumivu yote kwa siku mbili, usishangilie, ogopa, na usikate ghafla bila daktari kujua maana hizo dawa zikikatwa ghafla zina balaa lake.

Ukitaka makala nzima na imefungwa kwa hela, usilipe. Angalia kama kuna alama ya Free full text au PMC. Kama hakuna, mtu wako aliyeko chuo cha tiba aulize maktaba kuhusu Hinari, mpango wa WHO toka 2002 unaofungulia vyuo vya nchi kama zetu majarida ya kulipia. Au muandikie mtafiti mwenyewe, barua pepe yake mara nyingi iko kwenye makala, mistari miwili ya heshima inatosha, wengi wanatuma.

Ya mama mdogo sasa. Nilimpigia, shikamoo, marahaba mwanangu, umetuma? Nikamwelezea yote haya kama nusu saa, nikamwambia pia kuna mzee anaitwa Messier kule North Carolina aliyepima akakuta kila kilo moja unayopunguza mwilini goti linapunguziwa kilo nne katika kila hatua unayopiga, na kwenye utafiti wake wa 2013 waliochanganya mlo na mazoezi kwa miezi 18 ndo walioumia kidogo kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Hiyo ya kilo hakuipenda.

Kimya kidogo. Afu akaniambia kopo la kwanza kashalinunua kwa hela ya kikoba, wiki ya tatu hii anakunywa, na goti kweli limepungua.

"Kwahiyo mimi niko kwenye wale sitini au wale wanne?"

Nikamwambia mama mdogo, hilo hata Clegg mwenyewe hawezi kukujibu. Akasema basi tuma la pili nijue.